Usianze na taa, anza na waya: jibu kwa mwenye yoti ya zamani

*Swali: Fundi, shikamoo. Nimenunua yoti ya fibaglasi ya futi 32 iliyoundwa miaka ya 1970, nimeitia nanga hapa Tanga. Mlingoti ni wa alumini, unapita kwenye sitaha na kukaa juu ya mkuku. Taa ya rangi tatu iliyo kileleni inawaka hafifu, na chombo kikipigwa na wimbi inazima kisha inarudi. Taa nyeupe ya katikati ya mlingoti, ile ya kutembelea na injini, haiwaki kabisa. Nimeweka glopu mpya, bado. Rafiki yangu anasema ninunue taa za LED zote mbili nimalize shida. Je, ni sawa? Na ni lazima nishushe mlingoti?*

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa chombo. Hizo hela za LED zibaki mfukoni kwanza, tutazifikia mbele. Dalili ulizoeleza si za taa. Glopu iliyoungua imeungua. Haiwaki hafifu, wala haingoji wimbi ndipo izime. Taa inayofifia na kukatikakatika inakwambia kwamba umeme unatoka kwenye betri ukiwa mzima na unafika juu ukiwa umepungua. Kuna mahali njiani unabanwa. Kwa yoti ya umri huo, yenye mguu wa mlingoti ndani ya ngama (sakafu ya chini kabisa ya chombo, maji yanapokusanyika), mahali pa kwanza kutazama ni maungio ya nyaya pale chini ya mlingoti, na katika maungio hayo anza na waya wa hasi.

Nasema hasi kwa sababu ndio unaosahaulika. Chanya ina swichi, ina fyuzi, kila mtu anaijali. Hasi mara nyingi ni waya mmoja uliofungwa pamoja kwa taa zote za mlingoti, umezungushiwa tepu nyeusi, na maji ya ngama yanaurukia kila chombo kinapolala upande. Hasi ikioza, taa zote zinaugua kwa pamoja, kila moja kwa namna yake, na mwenye chombo anadhani ana matatizo matatu kumbe analo moja.

Sasa usifanye kosa la kupima bila mzigo. Hapa ndipo wengi wanapotea, na mafundi wa nyumbani wakiwemo. Utaweka mita pale chini ya mlingoti, utasoma volti 12.6, utasema umeme upo, kumbe haupo. Mita inavuta mkondo mdogo mno, hata uzi mmoja wa shaba uliobaki mzima unautosheleza. Taa ya wati 25 inataka ampea 2 na ushei. Hapo ndipo ule uzi mmoja unaposhindwa.

Nenda duka la vipuri vya magari ununue glopu ya indiketa ya wati 21 na kishikio chake, uiunganishe waya mbili ndefu zenye vibanio. Hicho ndicho chombo changu cha kazi kuliko mita. Fungua maungio ya chini ya mlingoti, washa swichi ya taa ya kileleni, kisha ning'iniza glopu yako kwenye nyaya zinazotoka kwenye paneli. Glopu ikiwa inawaka, pima volti kwenye betri, halafu pima kwenye glopu. Tofauti ikiwa ndogo, volti 0.2 au 0.3, basi njia ya kutoka betri hadi hapo ni nzima na ugonjwa uko ndani ya mlingoti. Tofauti ikiwa kubwa, usianze kubahatisha. Glopu iendelee kuwaka, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi pale ulipo. Waya mzuri utakupa karibu na sifuri. Ukisoma volti 2, ujue hizo volti 2 zimepotea kwenye kipande hicho cha hasi. Sogeza ncha kidogokidogo kuelekea betri, ungio baada ya ungio, mpaka usomaji uanguke ghafla. Ungio uliloliruka ndilo mwizi. Rudia hivyohivyo upande wa chanya, ukianzia chanya ya betri, kupitia fyuzi na swichi. Swichi za zamani za paneli nazo huchoka: chuma cha ndani kinaingia weusi, swichi inalia “tak” vizuri kabisa na haipitishi kitu.

Kwa upande wa ndani ya mlingoti, toa glopu ya taa husika, kisha weka mita kwenye kipimo cha omu. Kati ya chanya na hasi inayopanda juu kusiwe na njia kabisa. Ukisoma namba, kuna maji ndani ya kishikio cha taa au ngozi ya waya imechubuka. Halafu pima kila waya dhidi ya alumini ya mlingoti, na hapo pia kusiwe na njia. Jambo hili ni zito kuliko taa yenyewe: waya unaogusa mlingoti unaweza kuutuma umeme wa betri mahali usipotakiwa, na metali zilizo majini zikaanza kuliwa. Kwa sababu hiyohiyo mlingoti usitumike kamwe kuwa waya wa kurudi, hata kama mwenye chombo wa kwanza alifanya hivyo na taa zikawaka.

Nikueleze utakachokikuta ukifungua, maana nimekikuta mara nyingi. Niliwahi kufungua maungio ya yoti ya umri kama wa kwako, Mtwapa. Juu kulikuwa na tepu, chini ya tepu kulikuwa na silikoni, chini ya silikoni kulikuwa na uji wa kijani. Nikakata waya nyuma ya uji huo na kuuvua ngozi: shaba nyeusi kama makaa. Nikakata tena sentimita 10, nyeusi. Sentimita 30, nyeusi. Nusu mita kutoka kwenye ungio, mahali ambapo maji hayajawahi kugusa kwa nje, bado nyuzi zilikuwa zimefifia. Waya wa nyuzi nyingi unanyonya maji ya chumvi kama utambi wa kandili unavyonyonya mafuta. Ncha ikiachwa wazi, chumvi inapanda ndani ya ngozi ikitafuna shaba polepole, na wewe kwa nje unaona waya mzuri, laini, haujapasuka popote.

Shaba hiyo nyeusi haishiki risasi ya kulehemu, na lagi, kile kichwa cha chuma kinachobanwa kwenye ncha ya waya, ukiibana inashika weusi badala ya shaba. Siku ile nilifanya jambo ambalo sasa nakukataza: niliikwangua kwa msasa, nikalehemu, nikafunga vizuri. Taa zikawaka. Zikakaa kusi moja. Zilikufa usiku chombo kikiwa njiani, na watu wazima watatu walimaliza safari wakipunga tochi. Tangu hapo waya nikiukuta mweusi nusu mita kutoka kwenye ncha, siutii kiraka. Natoa wote, kutoka mguu hadi kilele.

Kushusha au kutoshusha

Si lazima ushushe, lakini mimi ningeshusha. Jiulize kwanza mlingoti huo ulishushwa lini mara ya mwisho. Kama muuzaji hajui, au imepita miaka kumi, basi zile kamba za chuma zinazoushikilia nazo zinahitaji kukaguliwa pale zinapoingia kwenye vichwa vyake, mahali ambapo ufa unaanzia ndani na hauonekani ukiwa sitahani. Kreni unayolipia kwa ajili ya waya itakuwa imekulipia ukaguzi huo pia. Mlingoti ukilala juu ya vigoda vinne, kazi ya waya ni ya siku moja, umekaa, una chai pembeni. Ukiwa juu kwenye kiti, kazi hiyohiyo ni siku tatu na mikono inatetemeka.

Kama kreni haipatikani au bei yake ni ya kuumiza, panda. Lakini chagua siku. Wakati wa kusi au kaskazi kali, kilele cha mlingoti kinachora duara angani hata kama sitaha inaonekana imetulia. Ngoja tanga mbili, upepo ukiwa haujui unakokwenda, au angalau alfajiri ya maji mafu kabla boti za injini hazijaanza kupita. Tumia henza mbili, zile kamba za kupandishia tanga: kiti kwenye moja, mkanda wa mwilini kwenye nyingine, kila moja na mtu wake chini. Fundo lifungwe kwa kamba yenyewe kwenye pete ya kiti. Usitegemee kile kifungo cha chuma cha kufyatua kilicho mwishoni mwa henza. Kabla ya kupanda, ning'inia nusu mita juu ya sitaha na ujirushe kwa uzito wako wote. Kama henza zako bado ni zile za chuma zilizounganishwa na kamba, kagua ungio hilo kwa vidole. Likiwa na nyuzi zinazochoma, hupandi. Koleo, bisibisi na mita, kila kimoja kiwe na uzi wake wa mkononi, na chini yako asikae mtu. Bisibisi inayoanguka kutoka mita 12 inamuumiza mtu vibaya.

Kuvuta waya mpya

Waya wa zamani, hata ukiwa umeoza, bado una kazi moja: utavuta uzi. Usivute waya mpya moja kwa moja kwa kutumia wa zamani. Funga kwanza uzi wa nailoni imara, uvute uzi peke yake, uone unapita bila kukwama. Ukikwama, umezungukwa na henza ndani. Acha kuvuta, legeza henza zote, tikisa, jaribu tena. Uzi ukishapita, fungia waya mpya kwa ngazi: nyuzi za waya zikatwe urefu tofauti ili fundo liwe jembamba kama mkia wa panya, kisha zungushia tepu kuanzia chini kwenda juu ili lisinase popote. Na pamoja na waya, vuta uzi wa pili ubaki ndani ya mlingoti. Miaka kumi ijayo utaushukuru.

Zile kelele za usiku, waya ukigonga alumini kila chombo kinapoyumba, si kero ya usingizi tu. Kila kugonga ni msasa. Mlingoti ukiwa umelala chini, dawa nzuri ni bomba la plastiki la waya wa nyumbani, la milimita 20 au 25, lililobanwa kwa riveti kwenye ukuta wa ndani; nyaya zikapita humo, henza zikapita nje yake. Ukiwa umesimamisha mlingoti hutaweza hivyo. Basi kila baada ya mita moja funga tai tatu za plastiki mahali pamoja, mikia yake mirefu ielekee pande tatu, na usiikate. Waya ukishaingia, mikia hiyo inausukuma ukae katikati ya mlingoti kama miguu ya buibui.

Juu kileleni usiache uzito wa waya uning'inie kwenye skrubu za taa. Funga kitanzi cha kamba kwenye waya wenyewe, kamba ibebe, waya ulegee. Kila tundu la alumini unapopita waya liwe na pete ya mpira. Alumini iliyotobolewa inakata kama wembe. Na skrubu za chuma kisichoshika kutu usizitie kwenye alumini zikiwa kavu. Zipake grisi nzito ya baharini, la sivyo chumvi itazigandisha na mwakani utazikata kichwa.

Unene na aina ya waya

Tafuta waya wa nyuzi nyembamba nyingi za shaba iliyopakwa bati, kila uzi mweupe kama fedha. Huo ndio unaoishi baharini. Waya wa nyumbani wenye shaba moja ngumu usiutie hata siku moja. Mtikisiko unauvunja ndani ya ngozi. Ukikosa kabisa wa bati, chukua wa nyuzi nyingi wenye koti la mpira, ziba ncha zake zisione hewa, na ujue utaubadilisha mapema.

Unene tuuhesabu pamoja. Kutoka betri hadi kileleni kwako chukulia mita 18, na umeme lazima urudi, kwa hiyo ni mita 36. Waya wa milimita za mraba 1.5 kwa urefu huo una ukinzani wa omu 0.41. Glopu ya wati 25 itakupotezea volti 0.86, yaani asilimia 7 ya volti 12. Kiwango kinachofuatwa na waundaji wengi kwa taa za safari ni asilimia 3, kwa hiyo kwa glopu hiyo ungehitaji waya wa milimita za mraba 4, mnene na mzito kileleni. Na usiseme asilimia 7 ni kidogo: mwanga wa glopu ya uzi unaanguka haraka kuliko volti. Volti zikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu theluthi moja.

Hapa ndipo rafiki yako ana hoja. Taa ya LED ya wati 3 inavuta robo ampea. Kwa waya uleule wa 1.5 inapoteza volti 0.1 tu. Waya mwembamba unatosha, uzito wa juu unapungua, na betri yako usiku kucha haihisi. Kwa hiyo ndiyo, nunua LED, lakini ziwe za mwisho, juu ya waya mpya. LED juu ya waya uliooza inaweza hata kukuficha ugonjwa miezi kadhaa, kwa sababu inaridhika na kidogo, halafu inakuacha usiku usioutaka.

Nunua taa nzima iliyoundwa kuwa LED na yenye cheti cha taa za baharini. Usinunue glopu nyeupe ya LED ya bei poa na kuitia ndani ya taa ya zamani ya rangi tatu. Vioo vile vilitengenezwa kwa mwanga wa manjano wa uzi. Ukiweka nyeupe ya baridi nyuma yake, kijani kinaelekea buluu na nyekundu inabadilika, na mpaka kati ya rangi unakuwa ukungu. Katika mkondo wa Pemba, usiku wa giza wavuvi wa dagaa wakiwa wametawanya taa zao nyeupe kila upande, nahodha wa meli kubwa anakutofautisha na mvuvi kwa hizo rangi tu. Akiona nyekundu anajua anatazama ubavu wako wa kushoto. Akiona weupe wenye madoa hajui anachokitazama.

Sheria yenyewe imo katika Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972. Chombo cha tanga kilicho chini ya mita 20 kinaruhusiwa kuunganisha nyekundu, kijani na nyeupe ya nyuma katika taa moja kileleni. Lakini hiyo ni ya tanga peke yake. Ukiwasha injini, hata kama tanga bado liko juu, wewe ni chombo cha injini: zima ya kileleni, washa za omo (mbele) na ya tezi (nyuma), pamoja na ile nyeupe ya katikati ya mlingoti inayoangaza mbele kwa nyuzi 225. Nyeupe hiyo lazima iwe juu ya nyekundu na kijani. Ukiwasha ya kileleni nayo, umezigeuza. Kwa urefu wa chombo chako, nyeupe ionekane maili 2 na za ubavuni maili 1. Ndiyo maana ile taa ya katikati isiyowaka inanitia wasiwasi kuliko ya kileleni. Bandarini unaingia kwa injini.

Jambo jingine la LED ni redio. Vifaa vidogo vya ndani vinavyopunguza volti vinaweza kupiga kelele kwenye masafa ya VHF, yale ya redio ya chombo, na antena yako imekaa kando ya taa hiyo. Weka redio kwenye chaneli tulivu, punguza kitufe cha kuzuia kelele mpaka mvumo usikike, kipandishe taratibu mpaka unyamaze, kisha washa taa. Mvumo ukirudi, taa hiyo irudishe dukani. Na maadamu mlingoti uko wazi, badilisha na kebo ya antena. Yoti nyingi za zamani zina kebo nyembamba aina ya RG-58, ambayo kwa mita 20 inakula zaidi ya nusu ya nguvu ya redio.

Maungio ya chini

Nyaya zinazotoka mguuni mwa mlingoti zisiungwe ndani ya ngama. Ziache ndefu, zishuke kwanza kisha zipande, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke kwenye kona ya chini, halafu ziingie kwenye kisanduku kilichofungwa ukutani, juu kabisa ya mahali ambapo maji ya ngama yamewahi kufika. Huko ndani tumia lagi zilizobanwa kwa koleo lake maalumu, na juu yake mrija unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani. Ukiona gundi imechungulia pande zote mbili, umeziba. Kulehemu sikukatazi kabisa, lakini usilehemu mahali panapotikisika: pale risasi inapoishia waya unakuwa mgumu ghafla, na hapo ndipo unapokatika. Kila taa ipe hasi yake hadi kwenye kisanduku, na kila ncha iandike jina. Na taa zenyewe ukizifunga, usizibe kwa silikoni kile kitundu kidogo cha chini. Kimewekwa ili jasho la ndani litoke.

Ukimaliza, ngoja usiku, shuka kwenye mtumbwi, mwenzako abaki kwenye paneli. Zunguka chombo chote ukiwa mbali kiasi. Sawasawa mbele ya omo ndipo tu unapopaswa kuona nyekundu na kijani kwa pamoja; ukisogea kidogo upande mmoja, rangi ya upande wa pili ipotee. Ikiendelea kuonekana, taa imefungwa upande, irekebishe kabla ya kusafiri.

Anza na kile kipimo cha glopu ya wati 21. Kisha niandikie namba mbili, volti za betri na volti za chini ya mlingoti, glopu ikiwa inawaka, nami nitakwambia kama unahitaji kreni.